Okestra kamili, hariri na mianzi, au ngoma na matoazi? Njia tatu za kufundisha muziki wa jadi wa Kichina katika shule ya msingi

Shule nyingi za msingi za Hong Kong, Singapore, Taiwan na miji mikubwa ya China Bara zina okestra ya ala za Kichina, na mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza huondoka akiamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kumfikishia mtoto muziki wa jadi wa nchi hiyo. Zipo njia nyingine mbili, za zamani zaidi na ndogo zaidi, na shule inayoanza upya au inayotaka kurekebisha ilichonacho inapaswa kuzipima zote kabla ya kununua ala hata moja. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya walimu wa muziki na kamati za wazazi, na pia kwa familia za Waswahili wanaoishi Guangzhou au Hong Kong, ambao siku moja mtoto huwaletea fomu kutoka shuleni ikiuliza angependa kujiunga na kikundi gani.

Njia ya kwanza ni okestra kamili, yenye makumi ya wanafunzi wanaokaa mbele ya mwongozaji mmoja katika makundi manne: ala za kupuliza kama dizi (filimbi ya mianzi), sheng (ala ya mirija mingi) na suona (aina ya zumari), ala za kudonolewa kama pipa, liuqin na ruan, zote za ukoo wa gambusi, na guzheng, ala ndefu ya nyuzi nyingi inayolazwa, pamoja na yangqin, ambayo hugongwa kwa vijiti vya mianzi lakini huwekwa katika kundi hili, ala za upinde, yaani erhu, aina ya fidla ya nyuzi mbili, na ndugu zake gaohu na zhonghu, na ala za kupigwa. Sauti za chini kabisa mara nyingi hubebwa na selo na besi kubwa kutoka Ulaya. Njia ya pili ni kikundi kidogo cha hariri na mianzi, yaani nyuzi na filimbi, maarufu kama sizhu, ambacho makao yake ni Shanghai na sehemu za jirani za Jiangsu na Zhejiang. Wapigaji wachache huketi kuizunguka meza moja, bila mwongozaji. Njia ya tatu ni kikundi cha luogu, yaani ngoma, upatu na matoazi, muziki unaosikika katika opera, katika ngoma ya simba, katika maandamano ya mahekalu na katika sherehe za mwaka mpya.

Nitazipima kwa vigezo vitano: ni kipi cha jadi kinachomfikia mtoto, mwaka wa kwanza unakuwaje, walimu na muda unaohitajika, ala na matunzo yake, na nafasi za kupanda jukwaani. Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine, kwa sababu mara nyingi shule hukiruka na kukimbilia suala la ala na mashindano.

Ni kipi cha jadi kinachomfikia mtoto

Okestra tunayoiona leo si ya kale. Jumuiya ya Datong Yuehui ilianzishwa Shanghai mwaka 1920 na ikajaribu kuzikusanya ala za Kichina katika kundi kubwa lililopangwa. Mnamo miaka hiyohiyo mwanamuziki Liu Tianhua, aliyefariki mwaka 1932, aliiingiza erhu katika vyuo vya Beijing akitumia baadhi ya mbinu za fidla. Na okestra ya redio ya taifa iliyoundwa Beijing mwaka 1953 ndiyo iliyokuwa kielelezo kwa wengi waliofuata. Okestra ya Hong Kong ilianza mwaka 1977, ya Taipei mwaka 1979 na ya Singapore mwaka 1996. Zote zimefuata mpango wa okestra ya Ulaya katika mambo ya msingi: mwongozaji mbele, kila kundi na karatasi yake ya noti, na sauti kadhaa tofauti zinazosikika kwa pamoja.

Simaanishi kwamba okestra ni bandia. Karne nzima ya watunzi imeiandikia kazi nzuri, na mtoto anayekaa katikati yake huzijua sauti za ukoo mzima wa ala za Kichina, jambo ambalo hakuna kikundi kidogo kinachoweza kumpa. Lakini kuna kitu ambacho muundo huo hauwezi kukibeba kwa urahisi. Watoto kumi na wawili wa erhu wakishika sehemu moja, lazima wote wavute upinde upande mmoja na wateleze kidole mahali pamoja, la sivyo sauti itachafuka. Kwa hiyo mapambo yote huandikwa kwenye noti, na mtoto huyapiga kama anavyosoma imla.

Katika sizhu mambo ni kinyume. Wote wana lahani moja, lakini kila ala huivika mapambo yake: dizi huongeza vijisauti vya kuzunguka noti, erhu huteleza kati ya noti mbili, pipa hujaza nafasi kwa mtetemo wa vidole, na yangqin huipigapiga noti ileile juu na chini. Msikilizaji wa taarab ya Unguja ataelewa haraka, kwa sababu huko nako fidla, ganuni na nai hushika lahani moja na kila fundi huipamba kwa mkono wake. Wapigaji wa sizhu hupokezana: mwenzako akizidisha mapambo, wewe unapunguza, na akitulia unapata nafasi ya kutoka. Lahani ya zamani iitwayo Lao Liuban ndiyo shule yenyewe ya jambo hili. Ikipigwa kwa mwendo wake wa kawaida ni nyepesi na fupi. Ikipunguzwa mwendo, kati ya noti na noti hufunguka nafasi ambazo mpigaji huzijaza, na kwa njia hiyo imezaliwa Zhonghua Liuban, mojawapo ya nyimbo kuu nane za Jiangnan, yaani eneo hilo la Shanghai na jirani zake. Mtoto aliyewahi kuipiga Lao Liuban kwa namna mbili tofauti katika wiki moja ameushika mzizi wa muziki huu. Mwaka 2006 sizhu ya Jiangnan iliwekwa katika orodha ya kwanza ya taifa ya urithi usioshikika, na sababu mojawapo ya kuilinda ni kwamba ujuzi huu haukai kwenye karatasi.

Kuna pia suala la noti zenyewe. Muziki wa Chaozhou na ule wa Guangdong, kusini mwa China, una noti ya nne na ya saba ambazo hukaa kati ya vibonye vya piano. Okestra ya shule, yenye ala zilizofungwa kwa kipimo cha piano, huzinyoosha noti hizo ziingie kwenye mstari. Kikundi kidogo kinaweza kuziacha zilivyo, ilimradi mwalimu anazijua.

Luogu hubeba urithi wa aina nyingine kabisa. Kabla ya kugusa ngoma, mwanafunzi huitamka midundo kwa mdomo: kila pigo lina silabi yake, na mtoto wa miaka saba anaweza kutamka «dong dong qiang, dong dong qiang, dong qiang dong qiang dong dong qiang» kwa pumzi moja, akijua kwamba «dong» ni ngoma peke yake na «qiang» ni pale upatu na matoazi vinapoingia pamoja. Hivi ndivyo wapigaji wa opera wamerithishana kazi yao vizazi na vizazi. Mpiga ngoma ndiye kiongozi. Wengine humtazama mikono yake na kujua mdundo gani unafuata. Kinachokosekana ni lahani, na kwa mtoto anayependa kuimba upungufu huo si mdogo.

Mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza wa okestra ni mrefu, na wazazi waambiwe mapema. Erhu ina nyuzi mbili tu, D na A, lakini nywele za upinde hupita katikati ya nyuzi hizo, na chini ya vidole hakuna ubao wa kukandamizia: kidole hugusa uzi ulio hewani, na milimita chache zikizidi noti huharibika. Mtoto hutumia wiki nyingi akivuta nyuzi tupu, upinde mrefu kwenda na kurudi, kabla ya kupiga wimbo wowote unaotambulika. Mpiga pipa hujifunza kufunga kucha za bandia kwa utepe kwenye vidole vya mkono wa kulia. Mpiga dizi lazima kwanza apate sauti, kisha ajifunze kubandika utando mwembamba wa tete juu ya tundu la pili, uliokunjwa vikunjo vidogo ili ulie kwa mng'ao ule wa dizi. Wengi huubandika kwa maji ya kitunguu saumu: punje hukatwa, hupakwa kuzunguka tundu, na utando hutandazwa kabla hayajakauka. Ukikazwa mno sauti hufa, ukilegea hukwaruza. Watoto hulipenda zoezi hili, na mwalimu mwerevu hulifanya kuwa somo badala ya kuwabandikia yeye.

Kwa upande wa noti, mwaka wa kwanza ni mwepesi kuliko inavyodhaniwa. Okestra nyingi za shule huanza na jianpu, noti za tarakimu kuanzia 1 hadi 7, zenye nukta juu au chini kuonyesha sauti ya juu au ya chini, na mistari chini yake kuonyesha noti fupi. Tarakimu 1 ni «do» ya ufunguo wowote uliochaguliwa, sawasawa na sol-fa ya kwaya zetu za makanisani. Mzazi aliyekulia katika kwaya ya Kisumu au Moshi anaweza kumsaidia mwanawe kusoma jianpu jioni hiyohiyo, hata kama hajui herufi moja ya Kichina.

Sizhu ina ugumu wake: mapambo hayawezekani mpaka mkono uwe umetulia. Baadhi ya walimu husubiri hadi darasa la nne au la tano ndipo waunde kikundi, wakichagua watoto waliokwisha kujifunza ala. Mimi naona inawezekana kuanza mapema, kwa kuimba Lao Liuban kwanza mpaka iwakae watoto kichwani, kisha kila mmoja aipige tupu kwenye ala yake, na mapambo yaje moja moja. Njia hii ni ya polepole na haionyeshi matunda haraka, kwa hiyo inahitaji mwalimu mkuu mwenye subira.

Luogu haina tatizo hili. Siku ya kwanza watoto hutamka, siku ya pili hupiga, na baada ya muda mfupi wana kitu cha kuwaonyesha wazazi.

Walimu na muda

Hapa okestra ndiyo ghali kuliko zote. Inahitaji mwalimu wa upinde, wa kudonoa, wa kupuliza na wa ngoma, ambao mara nyingi hutoka nje ya shule na kulipwa kwa saa, pamoja na mwongozaji wa mazoezi ya pamoja. Kila kundi linahitaji saa zake, kisha wote wakutane. Katika Hong Kong, Ofisi ya Muziki ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1977, hufundisha ala za Kichina nje ya shule, na mtoto anayepata nafasi huko huipunguzia shule yake mzigo.

Sizhu inahitaji mtu mmoja au wawili, lakini watu wa namna ya pekee. Mhitimu wa chuo cha muziki anaweza kuwa hodari wa kupiga peke yake na wa kusoma noti bila kuwahi kuketi kwenye meza ya wazee na kupamba lahani kwa masikio. Kabla ya kumwajiri, muulize apige mstari mmoja wa Zhonghua Liuban kwa namna tatu. Akiweza, mshike. Luogu inaweza kufundishwa na mwalimu wa kawaida wa muziki aliyepata mafunzo, ingawa fundi wa opera akipatikana hata mara chache kwa mwaka, tofauti husikika.

Jambo ambalo wapangaji husahau ni kwamba kila mwaka darasa la sita huondoka. Okestra hupoteza wapigaji wake bora kwa mkupuo, lakini huwa na wadogo nyuma yao katika kila kundi. Kikundi cha sizhu kikimpoteza mpiga dizi wake wa pekee, kinaweza kusimama mwaka mzima. Kwa hiyo kila ala iwe na mtoto wa pili anayeketi karibu na kusikiliza. Luogu huziba pengo haraka kuliko njia zote.

Ala na matunzo

Guzheng ya kawaida ya nyuzi 21 ina urefu unaokaribia sentimita 163. Fikiria kumi kati yake kwenye stoo ya shule. Yangqin ina nyuzi zaidi ya mia moja, na kuzifunga zote zilingane ni kazi inayoweza kula mazoezi ya nusu siku. Erhu ni ndogo na hubebeka, lakini kifua chake kimefunikwa ngozi ya chatu, ambayo hulegea katika unyevunyevu wa Singapore au Hong Kong na hukaza, hata kupasuka, penye ukavu. Stoo ya okestra kamili inahitaji kudhibitiwa unyevu, na gharama hiyo mara nyingi haiwekwi kwenye bajeti ya mwanzo.

Chatu wote wamo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama walio hatarini, na Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huo. Familia inayorudi Mombasa au Dar es Salaam na erhu ya mtoto iulizie vibali vya pande zote mbili mapema, badala ya kusubiri kuulizwa uwanja wa ndege. Okestra ya Hong Kong imetengeneza erhu na ndugu zake zenye utando wa plastiki badala ya ngozi. Shule inayonunua ala upya leo ingefaa kuzijaribu: hazisumbuliwi sana na hali ya hewa, na safari za nje haziandamani na makaratasi ya ngozi.

Sizhu hutumia ala hizohizo lakini chache, na zinaweza kutoshea katika kabati moja. Ala za luogu hudumu miaka mingi bila matunzo makubwa, ila kelele zake ni nyingi mno. Zinahitaji chumba kilicho mbali na madarasa, na masikio ya watoto yakingwe katika mazoezi marefu.

Jukwaa

Singapore huziita shule kuonyesha kazi zao katika Tamasha la Sanaa la Vijana, ambapo tangu mwaka 2013 vikundi hupewa vyeti vya ngazi tatu, na katika China Bara kuna maonyesho ya kitaifa ya sanaa ya wanafunzi kila baada ya miaka mitatu. Matukio haya huielemea okestra kubwa, na haki yake, kwani watoto wengi hupanda jukwaani kwa mara moja na kila mzazi humwona wake. Taiwan imefanya jambo ninalolipenda: mashindano yao ya kitaifa ya wanafunzi yana kipengele cha okestra na kipengele tofauti cha kikundi cha hariri na mianzi, kwa hiyo shule ndogo haihukumiwi kwa kukosa selo. Luogu haihitaji mashindano, kwa sababu mwaka mpya, siku ya michezo na ufunguzi wa jengo vyote huiita.

Kuchagua kwa hali yako

Shule kubwa yenye bajeti ya kudumu, vyumba vya kutosha na wazazi wengi wanaotaka watoto wao wahusike, ianze na okestra. Hata hivyo, itenge saa moja kila wiki ambapo wanafunzi wanane kutoka makundi tofauti wanaketi kuizunguka meza bila mwongozaji na kupiga lahani moja kwa masikio.

Shule ndogo iliyompata mwalimu anayeijua sizhu kwa kweli isijilazimishe kuwa na okestra. Iwekeze kwake, iwe na wapigaji wawili kwa kila ala, na iwaeleze wazazi kwamba tamasha la mwaka wa kwanza litakuwa fupi na tulivu.

Shule isiyo na mwalimu wa ala yoyote, au yenye wanafunzi wanaohamahama kama zilivyo shule za watoto wa wafanyakazi wanaokuja na kuondoka mijini, itafaidika zaidi na luogu. Mtoto anayekaa mwaka mmoja tu ataondoka na midundo kamili mdomoni, na hakuna anayeweza kumnyang'anya uwanja wa ndege.

Mzazi anayejaza fomu aangalie mtoto wake kabla ya kuangalia ala. Mwenye subira na sikio kali ataipenda erhu, ambayo humlipa mvumilivu. Anayetaka kusikia matokeo haraka na mwenye vidole vyepesi ajaribu liuqin au yangqin, ambazo noti yake ikigongwa mahali pake hutoka safi. Mtoto asiyetulia kwenye kiti apelekwe kwenye ngoma, na walimu waambiwe wazi kwamba hajapelekwa huko kwa adhabu. Suona, binamu wa zumari ya pwani yetu, humfaa mwenye pumzi nyingi na majirani wema.

Na ikiwa familia inajua kwamba itaondoka China ndani ya miaka miwili, dizi ndiyo ningeipendekeza: huingia kwenye begi la shule, haina ngozi ya mnyama, na pakiti moja ya utando inatosha muda mrefu. Muulize mwalimu amwanzie mtoto na dizi ya ufunguo wa G au F, kwa sababu matundu ya ile ya D huwa mbali kwa vidole vya miaka minane.